Kulainisha Mabuti

Katika mji ule wa chini ya mlima, mabuti mapya ya muongoza wageni hulainishwa kwanza na mtu wa nyumbani mwenye mguu wa saizi yake. Kwa Anaeli, mtu huyo alikuwa mkewe, Ndeshi. Siku saba zilitosha. Lakini Anaeli alivunjika mguu, na Ndeshi akaendelea kuyavaa miezi mitatu, kila alfajiri akipanda nayo hadi ukingo wa msitu. Malengelenge yalimtoka, yakapasuka, yakapona.

Plasta ilipoondolewa, Anaeli aliyajaribu. Yalimbana vidoleni, yakampwaya kisiginoni.

"Haya si yangu tena, mama Aikande."

"Nilikuwa nakulainishia, baba Aikande."

"Hadi msituni, kila siku?"

Ndeshi alikuwa akitazama mlima dirishani.

Anaeli akapitisha kidole kwenye mikunjo ya ngozi, pale vidole vya mkewe vilipojikunjia njia nzima. Kisha akashuka kitini taratibu, akapiga goti la mguu mzima, akamvalisha na kuanza kufunga kamba.

"Ukipanda, legeza hapa juu," alisema. "Ukishuka, kaza."