Njuga za Faki

"Mvue mtoto hizo njuga za miguuni, wifi," alisema Salha. "Wenziwe wanafukuzana na kuku, yeye bado anasota kwa makalio. Unajitonesha bure."

Mwanakombo aliendelea kukuna nazi, mgongo kaupa mlango. Njuga alizifunga ili amsikie Faki siku atakayosimama. Mpaka leo zilikuwa zikikwaruza sakafu tu.

Ghafla mkwaruzo ukakoma. Njuga zikalia, zikanyamaza. Zikalia tena, karibu zaidi.

"Wifi, geuka! Anakuja!"

"Sithubutu," alinong'ona. "Akijua anatazamwa, ataketi."

Akachota nazi aliyoikuna, ile Faki aipendayo, akaupeleka mkono nyuma polepole, kiganja wazi. Akabana pumzi, akangoja njuga zilie.