Aliyekuja Kusamehe

Fundi alifika kwenye kona ya muuza mkaa akiwa na kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili, na wala hakujali. Mtu anayekwenda kutua mzigo wa roho hatazami miguu.

"Baba, nyumba ya..." alianza.

"Geti la buluu, bibi. Palepale," muuza mkaa alijibu, akiendelea kujaza gunia lake.

Fundi alisonya kimoyomoyo. Watu wa siku hizi hawamwachi mtu amalize kusema.

Alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi, na mtaa mzima ulimwita Fundi, basi. Binti aliyekuwa akimwendea, Fundi alimwokota barazani kwake, mjamzito, hana mbele wala nyuma. Alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe. Alimfundisha kukata, kutia lesi, na kukunja pindo mpaka uzi usionekane. Halafu, usiku wa kuamkia harusi ya watu, gauni likatoweka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na ndani walikuwa wawili tu. Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Tangu hapo wateja walimkimbia na cherehani ikafunikwa shuka. Lakini hayo angeyavumilia. Kilichomtesa ni sala. Kila akipiga magoti, akifika pale pa kuwasamehe waliomkosea, ulimi uligoma. Aliinuka bila kufika amina. Na umri nao ulikuwa umekwenda. Aliogopa, aliogopa sana, kufa na kinyongo kile kifuani na kufika kwa Muumba wake akiwa bado anadai gauni. Leo alfajiri alikuwa amekata shauri: iwe isiwe, lazima amwone yule binti.

Geti lilikuwa wazi. Mtoto mdogo wa kike alimkimbilia na kumkumbatia magoti.

"Bibi!"

Fundi alishangaa. Watoto wengine hawana woga kabisa. Chini ya ukuta, kivulini, palikuwa na kiti kitupu, na juu ya stuli kikombe cha chai isiyo na sukari, vilevile anavyoipenda.

Binti alikuwa akifua. Aliinuka, akafuta povu mikononi kwa sketi yake.

"Shikamoo, mama."

Fundi hakuitikia. Alijua akiitikia tu atalegea, na maneno aliyokuja nayo yatampotea. Mume wa binti, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake myeusi kaipandisha kwenye paji la uso. Alitazama chini. Na afadhali aone haya, Fundi aliwaza.

Juu ya jicho la binti kulikuwa na kovu refu ambalo Fundi hakukumbuka kuliona zamani. Kumbe maisha yamemchapa naye. Wazo hilo lilimpa nguvu kidogo.

"Sikuja kudai gauni," alisema. "Gauni limekwenda, na jina langu limekwenda nalo. Nilikupa kitanda changu, wewe ukanifanya kichekesho cha mji. Nimekuchukia mpaka nimeshindwa kusali. Nimechoka, mwanangu. Nimekusamehe. Ndilo lililonileta."

Alitegemea ubishi. Alitegemea machozi ya uongo, viapo, labda hata matusi. Binti alipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni, akamshika miguu.

"Asante, mama. Nisamehe kwa yote."

Kitu kikaachia kifuani mwa Fundi. Alimwekea binti mkono kichwani, akafumba macho, akasali kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Pale pa kusamehe ulimi haukugoma. Alifika amina huku machozi yakimdondoka kidevuni, kisha akakaa, akanywa chai yake yote.

Alipotoka, muuza mkaa aliacha gunia lake na kumshika mkono kumsindikiza, ingawa hakuna aliyemwomba. Dunia bado ina watu, Fundi alijisemea.

Mchomeleaji alingoja mpaka walipokata kona.

"Mpaka lini?" alimuuliza mkewe. "Alikupasua uso bure, na bado kila siku unampigia magoti. Mwambie basi kwamba gauni lilikutwa uvunguni mwake, kwamba alilificha mwenyewe akasahau."

"Nilishamwambia," binti alisema, akikisogeza kiti ukutani. "Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake akaja tena kunisamehe. Afadhali aje hivi, arudi kwake amesali."