Pezi la Kushoto

Samaki wa mia moja themanini na saba alitoka wavuni na mapezi yake yote kamili, na Elineema akasahau kufuta jasho lililokuwa likimwingia machoni.

"Hana alama," Dokta Dativa alisema, akamrudisha majini. "Andika."

Elineema akaandika. Alikuwa bwana samaki wa tarafa, Mpare wa milimani aliyejifunza kuogelea akiwa na ndevu, na leo heshima yake yote ilikuwa ndani ya bwawa hili la Lukolo, mwendo wa saa moja kutoka Michenga. Mwaka tisini na tano ndiye aliyewakalisha pamoja watu wasioivana: wavuvi, dokta wa chuo kikuu, na Fransisko, meneja wa kambi ya watalii. Dokta alileta mizani na vitabu. Fransisko alileta boti na ahadi ya wageni ambao wangevua samaki kisha wawarudishe majini, jambo ambalo wavuvi walilicheka wiki nzima. Kijiji kilileta magogo na matawi ya kuzamisha ili samaki wapate pa kuzalia, halafu kikaleta na njaa yake, maana bwawa lilifungwa. Hakuna wavu, hakuna mgono wa kutegea, hakuna ndoano.

"Tumekusikia, bwana samaki," Anold, mwenyekiti wa wavuvi, alimwambia siku ile. "Ila mkihesabu mkakuta hawajaongezeka, siku hiyohiyo tunaingia na makokoro, na magogo yenu tunapikia."

Hakuwa anatania. Hadi leo watoto wake walikuwa wanakula wali kwa mlenda mwaka wa pili sasa.

Kazi ya ulinzi Elineema hakumpa mvuvi yeyote. Fisi hapewi bucha. Alimpa Mabula, Msukuma wa ng'ombe aliyejenga kibanda karibu na bwawa, mtu asiye na mtumbwi wala hamu ya kuwa nao. Uaminifu wake ulijulikana bonde zima. Aliwahi kutembea kutwa nzima kumrudisha ndama aliyepotea, kwa kuwa aliitambua alama ya mwenyewe ilivyokatwa sikioni.

Miezi mitatu na kitu iliyopita, dokta alivua samaki mia mbili, akawakata ncha ya pezi la kushoto, akawaachia. "Tutakuja kuvua tena mia mbili," aliwaeleza. "Wakitoka ishirini wenye alama, basi bwawa lina samaki elfu mbili tu, na tumeshindwa. Wakiwa wengi kweli, hawa wetu watapotelea humo, hatutawaona."

Mabula ndiye aliyewashika samaki siku hiyo, na mkono wake haukutetereka.

"Kama ndama," alisema. "Sasa hawa ni wa nani?"

"Wa kwangu hao," Elineema alijibu bila kuinua macho kwenye daftari. "Wa kijiji ni hao wengine."

Tangu siku hiyo alihamia bwawani na hema lake. Alimwogopa Anold kuliko mamba. Kila mlio wa maji ulimtoa nje na tochi, na kila asubuhi alizunguka ukingoni akitafuta nyayo za wavuvi. Hakuona hata moja. Kitu pekee kilichompa raha ni mkono wa Nyamizi, mke wa Mabula, aliyemletea perege mmoja mchana na mmoja jioni, amekaangwa hadi anakauka, kichwa na mapezi vimeondolewa vizuri.

"Mnawatoa wapi?" aliuliza siku ya kwanza.

"Kula, bwana samaki. Chako hicho."

Akala. Alijua wananunua kivukoni, na akawaza kwamba Wasukuma wanajua kumtunza mgeni. Kufikia mwezi wa pili suruali ilikuwa inambana.

Samaki wa mia moja tisini na nne alikuwa na alama. Akija mmoja, wenzake wako nyuma, Elineema aliwaza, na kule ukingoni Anold alikuwa ameshakunja suruali. Lakini wa tisini na tano hakuwa nayo, wala wa tisini na sita, wala wa mia mbili.

Dokta Dativa alipiga hesabu, akairudia, akavua miwani.

"Elfu arobaini," alisema.

Fransisko alipiga kelele za mtu aliyepata mtoto wa kiume. Wavuvi wakatazamana. Anold akaishusha suruali yake, akaja na kushika mkono wa Elineema kwa mikono yake miwili.

"Mimi ndiye niliyekubishia kuliko wote," alisema. "Funga tena mwaka mwingine, bwana samaki. Watoto wangu watavumilia."

Elineema alilia mbele ya watu, wala hakuona haya. Miaka miwili ya kuitwa mwongo sokoni ilikuwa imekwisha. Akamtafuta Mabula, akamkuta amesimama pembeni na fimbo yake, uso umemsinyaa, akamvuta hadi katikati ya watu wote.

"Huyu ndiye aliyelinda!" alisema. "Sema, Mabula. Unataka tukupe nini?"

"Sitaki kitu, bwana samaki." Mabula alizungumza kwa sauti yake ileile ya kuitia ng'ombe. "Wa kijiji sijala hata mmoja. Akiingia kwenye mgono wangu hana alama, namrudisha palepale." Akakuna kichwa kwa aibu. "Ila wale wako wamekwisha. Alikuwa amebaki huyo mmoja, na dokta amemwachia. Sijui leo jioni utakula nini."