Filamu ya Zuhura

Sheria iliamuru kila sigara ya umeme imwonye mvutaji kwa filamu iliyotungwa na vijana wenyewe. Ukivuta, filamu inamulikwa ukutani, ukiacha, inazimika. Haionyeshwi mahali pengine popote.

Mwanakombo alitoka ofisini kwa watengenezaji wa sigara hizo akitweta kwa hasira. Bintiye Zuhura, aliyekufa kwa ugonjwa wa mapafu, aliitunga filamu yake akiwa kitandani hospitalini, akiwasihi wenzake waache kuvuta. Leo mama alikwenda kuomba nakala.

"Pole, mama," kijana wa mapokezi alikuwa amemwambia. "Filamu yake ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ila ni mali ya kifaa."

"Mali ya kifaa! Kwani kifaa ndicho kilichomzaa?"

Kijana akamkaribisha chai. Hakuinywa.

Nyumbani alikuta mlango wa chumbani umerudishiwa na harufu ya ubani wa bandia imetanda. Kibibi, mdogo wake Zuhura, alikuwa amekaa mkekani, sigara mdomoni. Ukutani Zuhura alikuwa akimwigiza mama yake anavyofoka, huku akicheka na kukohoa. "Msivute, jamani."

"Kibibi! Hata wewe? Humsikii dada yako?"

"Namsikia, mama. Nikiacha, simsikii tena."

Mwanakombo akaipokonya. Zuhura akatoweka katikati ya neno, ukuta ukabaki mtupu. Mama akasimama akiwaapiza watengenezaji wale, wao na vizazi vyao. Kisha, bila kumtazama Kibibi, akaipeleka sigara mdomoni.