Kiti cha Dereva

Kitu cha kwanza alichokiona Mwasiti ndani ya gari ni kiti. Kile kirefu cha watu watatu kilikuwa kimeng'olewa, na Shamte, mumewe, alikuwa amefunga kimoja tu, cha dereva.

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Pale pako nimeweka tangi la pili la mafuta. We nawe! Si utalinda nyumba nikiwa safarini?"

Miaka yote ya kulifufua gari lile bovu, Mwasiti ndiye aliyekwangua kutu kwa msasa, mpaka vidole vikachubuka.

Shamte akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikazima, kisha ikanguruma. Majirani wakapiga vigelegele.

Mwasiti akasimama mbele ya boneti, viganja juu ya bati linalotetemeka.

"Kila siku nilikuwa naomba lisiwake, tuendelee kulitengeneza pamoja," akasema.