Dakika Arobaini za Bwana Kilian

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati ya Mbinga mjini, na manyunyu yalianguka kidogo kidogo, yale ya baridi yanayomfanya mtu atafute moto kabla ya kutafuta chai.

Bwana Kilian alikuwa amelala chali juu ya meza ya fundi, mirija miwili ya soda ikiwa imechomekwa puani, akisubiri kuwa sanamu.

Soko huria lilikuwa limemtendea wema. Miaka minne iliyopita alikuwa karani wa kupima kahawa ya wakulima. Sasa alikuwa mnunuzi binafsi, mwenye gari binafsi na tumbo binafsi, na alikuwa akijenga nyumba ya wageni Mbamba Bay. Getini alitaka kiwekwe kichwa chake mwenyewe, cha saruji, kikitazama maji. Ziwa Nyasa lilikuwa limekaa muda mrefu mno bila kumwona.

Pankras, fundi wa sanamu, alizoea watu wapole zaidi. Kwa kalibu zake za mpira wa silikoni alikwisha kumimina Mtakatifu Antoni wa Padua zaidi ya mia moja, na hakuna hata mmoja aliyemwambia apunguze kidevu.

"Kidevu kipunguze," alisema Kilian.

"Mpira haupunguzi, tajiri. Unachukua ulicho nacho."

Pankras alimpaka mafuta ya mgando kwenye nyusi na masharubu, taratibu, asije akang'oa unywele hata mmoja. Kisha akakoroga mpira mweupe pamoja na dawa yake ya kugandisha. Kopo lilikuwa la mwisho. Jingine lingetoka Dar es Salaam, Mungu akipenda na barabara ikipenda.

"Vitalia hajambo?" aliuliza huku akikoroga.

"Yuko kwa mama yake tangu Pasaka. Kanuna. Anataka ndoa ya kanisani." Kilian alicheka hadi mirija ikatetemeka. "Miaka tisa nimemlisha, leo anataka na pete! Atarudi tu. Ataenda wapi yule?"

"Kwa hiyo hutamwoa?"

"Fundi, umeajiriwa na Jumuiya ya kanisa? Koroga mpira."

Kwa miaka hiyo tisa, kila Jumapili wenzake waliposimama kwenda kupokea komunyo, Vitalia, kwa kuishi na mwanamume bila ndoa, alibaki kwenye benchi akitazama magoti yake. Kilian hakuwahi kuliona hilo. Ili kuliona ingempasa awe kanisani.

"Sasa sikiliza, tajiri," alisema Pankras. "Nikishakufunika ni dakika arobaini. Usiongee, usicheke. Masikio nayaacha wazi. Ukizidiwa, gonga meza mara moja, nitaubandua wote hata kama haujaganda. Lakini tukiubandua, mwingine hatuna."

Akamimina. Uso wa Bwana Kilian ukapotea, na mji ukapumzika.

Dakika ya ishirini na tano mlango ulifunguliwa. Aliingia Katekista Augustino, akifuatwa na Mama Notburga, mwenyekiti wa Jumuiya, na wazee wawili. Nyuma yao alikuja Vitalia, amevaa kitenge kipya na viatu vyeupe ambavyo matope hayakuwa yameviheshimu.

"Shikamoo, Katekista. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Katekista. "Tajiri tumemkuta?"

"Yupo hapo."

Mama Notburga aliinama kuutazama ule mpira mweupe. "Yesu na Maria! Amekufa?"

"Hapana, mama. Anapendeza."

"Basi leo tumempata," alisema Mama Notburga. "Mara tatu tumekwenda kwake, na mara tatu tumeambiwa yuko safarini. Gari liko uani, limebaki kumlilia."

Vitalia alivuta kigoda kutoka nyuma ya mlango, bila kuuliza kilipo, akaketi.

Katekista alivua kofia, akafungua daftari. "Bwana Kilian, amani ya Kristo. Tumekuja kwa ajili ya Vitalia. Hukuleta mshenga, hukutoa mahari, kanisani hukufika. Tunakuuliza mbele ya mashahidi, mara tatu, kama ilivyo desturi ya Jumuiya yetu. Je, una neno lolote juu yake? Kama unalo, gonga meza."

Chini ya mpira, Kilian alistarehe. Wamekuja tena na ndoa yao! Akigonga, atabanduliwa, kopo la mwisho litapotea bure, na bado atalazimika kuwajibu. Asipogonga, uso utatoka safi, nao watakwenda zao. Hata kwenye kahawa hakuwahi kukutana na biashara rahisi namna hii. Akavituliza vidole vyake.

"Mara ya pili, Bwana Kilian. Una neno?"

Manyunyu yalipigapiga bati. Kidole hakikutikisika.

Vitalia alisimama. "Muulize ya tatu, Katekista. Polepole. Asije akasema hakusikia."

"Mara ya tatu. Juu ya Vitalia, una neno?"

Watakatifu wa plasta waliokuwa rafuni walionekana kuwa na wasiwasi kuliko Kilian.

"Hana neno," alisema Katekista, akaandika. "Mashahidi, mmeona?"

"Tumeona," wakajibu wazee.

Pankras aliitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi. Akavua aproni, akaenda kusimama kando ya Vitalia, akamshika mkono.

"Mimi Pankras," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "naahidi mbele yenu nyote, na mbele ya Bwana Kilian asiye na neno: matangazo ya ndoa yaanze kusomwa kesho, nami Vitalia nitamwoa kanisani."