Pigo la Tatu

Yadiel Cotto alitakiwa kufa kwenye pigo la tatu. Upanga ulishuka, ukagonga ngao yake ya njano na kutoa cheche. Akabaki amesimama.

"Anguka," Colby alinong'ona ndani ya kofia yake ya chuma. "Kaka, hapa ndipo unapoanguka."

"Leo sianguki."

Watu elfu moja walikuwa wameuzunguka uwanja wa mchanga wa maonyesho ya mashujaa wa kale, wakila kuku kwa mikono, kila mmoja na taji la karatasi kichwani. Wengi walikuwa familia zilizochukua siku moja ya kupumzika mbali na bustani kubwa ya burudani iliyokuwa maili tano kutoka hapo mjini Kissimmee. Aliyepewa kiti upande wa kijani alimshangilia shujaa wa kijani. Aliyepewa cha njano, wa njano. Mashujaa wengine wote walizomewa, na hata bibi vizee waliifuata sheria hiyo mpaka sauti ikawakauka.

Naiara, binti ya Yadiel, alikuwa na miaka sita. Mara ya mwisho baba yake kumbeba, hakuwa ameota hata jino. Kesho asubuhi angepanda ndege kurudi Pennsylvania. Mama yake alikubali alasiri hii moja tu, na hakuja mwenyewe; alimtuma mdogo wake, ambaye Yadiel hakuwahi kuonana naye. Ujumbe wa huyo mdogo mtu uliingia saa tisa: "Tumepewa viti vya Kijani, mbele kabisa. Ana miwani ya waridi. Nimemwambia baba yake ni mmoja wa mashujaa. Mengine utamwambia mwenyewe."

Yadiel alikwenda mbio kwa bosi.

"Leo tu, Don Efraín. Niache nishinde. Mwanangu yumo humu."

"Kijani ina watoto themanini wa shule moja. Unataka niwalize wote? Kijani inashinda. Wewe nenda ukafe vizuri. Jana ulianguka kama gunia la viazi."

Colby, shujaa wa Kijani, peke yake ndiye aliyemsaidia. Kabla ya pambano kila shujaa huwatupia watazamaji ua, lakini upande wa rangi yake tu, basi Yadiel akamwomba amtupie mtoto wa miwani.

"Limefika," Colby alimwambia wakati farasi wao wakipishana. "Amelidaka kwa mikono miwili. Mtoto mzuri, kaka. Bahati yake hakurithi pua yako."

Sasa upande wote wa kijani ulikuwa wima. "Njano mwoga! Njano kalale!" Katikati ya mayowe hayo ilikuwapo miwani ya waridi, na mdomo mdogo chini yake ukifunguka na kufungwa. Yadiel hakuweza kusikia unasema nini. Aliwaza tu kwamba mwanawe ameketi kati ya watu wanaomzomea baba yake, na kwamba akilala mchangani, hivyo ndivyo atakavyokumbukwa maisha yote.

Akapiga. Colby alikuwa ameinua upanga juu kushangilia, kama mpangilio ulivyotaka, mbavu zikiwa wazi. Chuma butu kilizama ubavuni na kitu kikavunjika ndani.

"Una wazimu?" Colby aliguna.

"Anguka wewe."

"Nianguke mimi? Watoto themanini wananitazama!"

Colby alimrudishia kwa hasira, pigo la kweli, begani. Mkono wa ngao ukafa ganzi. Jingine likampata Yadiel usoni, likamjaza damu mdomoni. Akaitema kupitia matundu ya kofia. Watu wakadhani ni rangi, wakapiga meza kwa vikombe vya bati. "Mmalize! Mmalize!"

Kutoka hapo hapakuwa na mpangilio tena. Yadiel alimpiga Colby kwenye goti, akasikia kilio ambacho hawakuwahi kukifanyia mazoezi. Colby alipoinama, Yadiel alimgonga kisogoni kwa ukingo wa ngao. Colby akamng'ang'ania kiunoni, wakabingirika mpaka miguuni mwa farasi, na farasi akakanyaga mkono wa mmoja wao. Ulikuwa wa Colby. Upanga wake ukabaki mchangani.

"Yadiel," alisema, akihema. "Yadiel, inatosha. Ni mimi."

Rafiki huyu ndiye aliyemfundisha kuanguka bila kuumia. Yadiel alilijua hilo hata alipokuwa akichomoa rungu la chuma kiunoni mwake na kuliinua. Alilishusha mara mbili. La kwanza lilibonyeza kofia. La pili lilimlaza Colby kifudifudi, na damu ikaanza kutoka chini ya ukingo wa chuma, taratibu, ikinywewa na mchanga.

Muziki ulikatika. Ukumbi ukatulia. Mgongo wa Colby ulipanda na kushuka kwa shida.

Yadiel hakugeuka nyuma. Aliivua kofia yake, akaitupa, akauelekea ukuta mfupi wa upande wa kijani. Jicho moja lilikuwa limevimba, lakini kwa jingine alimwona: mtoto alikuwa amekwisha kupanda juu ya ukuta, na mama yake mdogo akikosa kumshika nguo.

"Naiara! Rudi!"

Naiara aliruka. Aliangukia mikono, akainuka, akaja mbio mchangani na machozi yakimtiririka chini ya miwani. Yadiel akapiga magoti. Akatandaza mikono yote miwili, ule mzima na ule uliokufa ganzi.

Mtoto alimpita. Alijitupa kando ya Colby, lile ua bado mkononi, akamkumbatia shingoni huyo mwenye deraya ya kijani, akamtikisa.

"Baba!" alilia. "Baba, amka!"